Chokaa na Chuma: Beit el-Ajaib na Upungufu wa Maombolezo

Mshairi wa mwambao hafundishwi namna ya kulilia gofu. Hilo amelirithi. Tangu Sayyid Abdalla bin Ali bin Nasir alipoutunga Al-Inkishafi na kuwaonyesha wasomaji wake majumba ya mabwana wa Pate yaliyobaki matupu, kila aliyekuja baada yake ameikuta njia imekwisha fyekwa. Vina viko tayari, huzuni iko tayari, na hitimisho linajulikana kabla ya ubeti wa kwanza kutimia: fahari haidumu, na aliyejenga ghorofa hulala ardhini ubavu kwa ubavu na aliyejenga kibanda. Ni maneno ya haki, wala hapana mwenye akili atakayeyakana. Lakini neno la haki likisemwa mahali pasipo pake hugeuka kuwa pazia, na nyuma ya pazia hufichika mambo ambayo yalistahiki kuonekana.

Tarehe 25 Disemba 2020, mchana, sehemu kubwa ya upande wa mbele wa Beit el-Ajaib, ule unaotazama bahari, iliporomoka pamoja na mnara wake wa saa. Jumba lilikuwa katika ukarabati. Mafundi walikuwamo ndani. Wawili kati yao walipoteza maisha. Katika muda mfupi kuliko anaoutumia mtu kusoma shairi la beti kumi, uso ambao Unguja ilijulikana kwao kwa zaidi ya karne moja, uso uliokuwa wa kwanza kuonekana na kila mwenye chombo anayeingia bandarini, ulikuwa fungu la mawe, vumbi la chokaa na vyuma vilivyopinda.

Kilichofuata katika ndimi za wapenda mashairi kilikuwa kile kilichotarajiwa. Mkono ulinyooka wenyewe kwenda katika rafu ya Inkishafi. Hoja ya makala haya ni kwamba mkono huo ulikosea rafu. Beit el-Ajaib halikuanguka kwa sababu dunia ni hadaa. Lilianguka kwa sababu chuma hupata kutu, chokaa huhitaji kupumua, na maji ya mvua yakipata njia hayaiachi. Maombolezo yanayoliweka anguko hilo katika mizani ya kudura peke yake humwondolea mwanadamu hesabu ambayo ni yake. Ili kulielewa jambo hili, budi jumba lisomwe kama inavyosomwa kazi yoyote ya sanaa: kwa kutazama limetengenezwa kwa nini, na vilivyomo vinapatana vipi.

Sayyid Barghash bin Said, aliyetawala tangu mwaka 1870 hadi 1888, alilijenga jumba hili mwaka 1883. Alikuwa mtu aliyekwisha kuiona dunia. Aliwahi kupelekwa uhamishoni Bombay kabla ya kutawala, na mwaka 1875 alizuru Uingereza. Alirudi na mambo mengi kichwani. Ndiye aliyeleta maji ya chemchemi mjini kwa mabomba, na ndiye aliyeanzisha matbaa ya Kisultani, jambo ambalo mpenzi wa maandishi hapaswi kulisahau hata kama hana haja na masultani. Kasri hili hakulikusudia liwe la kulala. Makazi yake yalikuwa kando, Beit el-Sahel na Beit el-Hukum, yakiunganishwa na jumba jipya kwa njia za juu zilizofunikwa ili watu wa nyumba ya mfalme wapite bila kuonekana. Jumba lenyewe lilikuwa la hafla na la kuonekana: mahali pa kupokelea wageni, mahali pa mji kujitazama na kutazamwa. Kwa maana hiyo lilikuwa ukumbi wa mji kabla mji haujawa na neno hilo.

Anayelisimulia kwa haraka huhesabu maajabu yake: lilikuwa refu kuliko nyumba zote za Unguja, la kwanza kuwaka taa za umeme, na husimuliwa kuwa ndilo la kwanza Afrika Mashariki kuwa na lifti. Milango yake mikubwa ya nakshi ilichongwa maandishi ya Kurani, na wapokezi wa hadithi wanasema ilifanywa mipana ili Sultani apite juu ya ndovu. Mbele yake iliwekwa mizinga miwili ya shaba ya Kireno, mateka ya zama nyingine. Hesabu hii ya maajabu ndiyo inayorudiwa katika kila kitabu cha watalii, na ndiyo iliyolifanyia jumba dhuluma ya kwanza. Kwani kazi ya sanaa inayosifiwa kwa vitu vilivyomo tu ni kama shairi linalosifiwa kwa ugumu wa msamiati wake. Msamiati hauwi shairi mpaka upangwe.

Jina lenyewe linamwita mfasiri. Kwa Kiarabu, ajaib ni wingi wa jambo linalomshangaza mtu kwa kutokuwa na mfano. Kiingereza kimelifasiri kwa neno lenye furaha ya mtoto sikukuu, lisilo na kivuli. Kiswahili hakikukubali kivuli kipotee. Mswahili anaposema "ajabu!" anaweza kuwa ametiwa furaha, na anaweza vilevile kuwa amefedheheka kwa niaba ya anayemtazama. Ajabu ni kito, na ajabu ni kituko. Wahenga walipotuonya kwamba ukistaajabu ya Musa utaona ya Firauni, walikuwa wanasema kwamba mshangao una daraja, na daraja ya juu si lazima iwe ya kheri. Kwa hiyo jina la jumba, likisomwa kwa sikio la Kiswahili, halisifu tu. Linauliza: ajabu ya nani, na kwa nani? Swali hilo limekaa juu ya mlango tangu mwaka 1883 na wapitao chini yake wamelisoma kama jibu.

Sasa utazamwe ufundi. Nyumba ya mawe ya pwani yetu, kuanzia Lamu hadi Kilwa, imetawaliwa na kitu kimoja ambacho wageni hawakioni: urefu wa boriti. Mti wa mkoko ukikatwa na kunyooshwa hubeba dari ya upana usiozidi sana mita tatu. Juu ya boriti hupangwa mawe madogo na kumwagwa chokaa, ikapondwa mpaka ikashikana. Basi chumba cha Mswahili kikawa chembamba na kirefu, si kwa kuwa Mswahili hakupenda nafasi, bali kwa kuwa mkoko ulikwisha kusema neno lake. Fundi alicheza ndani ya mpaka huo. Akaongeza daka, akaongeza vidaka vya ukutani, akapanga vyumba kimoja nyuma ya kingine kama mishororo, akageuza kizuizi kuwa uzuri. Boriti ni mizani. Hapana njia iliyo bora ya kulieleza jambo hili kwa wasomaji wa mashairi. Anayeijua kazi ya kuitosheleza fikra pana ndani ya mizani nane anaijua kazi ya mwashi wa Lamu.

Barghash aliingiza chuma. Nguzo za chuma cha kusubu zilisimamishwa kuzunguka jumba zima, tabaka juu ya tabaka, zikibeba roshani pana ambazo boriti ya mkoko isingezimudu. Kwa mara ya kwanza mji wa mawe ulipata jumba la fahari ambalo halikujifungia ndani. Nyumba ya kale ya pwani huupa mji mgongo, na uzuri wake huuficha uani. Beit el-Ajaib liligeuza joho nje ndani. Roshani zake zilimweka mtu juu ya mji, katika kivuli, upepo ukimpitia, akiona na kuonekana. Ndani yake uwanja mkubwa wa kati ulifunikwa, na vyumba vikapangwa kuuzunguka kwa mpango ambao mwenyeji yeyote angeutambua. Kwa hiyo moyo ulikuwa wa nyumba ya kale, na mwili wa nje ulikuwa wa zama za meli za moshi.

Yeyote aliyefuata mabishano ya ushairi wa Kiswahili katika karne ya ishirini atauona mfano bila kuonyeshwa kidole. Euphrase Kezilahabi alipotoa Kichomi mwaka 1974, wapo waliosema kuwa mashairi yasiyo na vina na mizani si mashairi, na wapo waliosema kuwa vina na mizani ni minyororo. Pande zote mbili zilisahau kwamba Unguja palikuwapo jumba lililokwisha kuijaribu hoja hiyo kwa mawe. Beit el-Ajaib ni mahali ambapo mizani ya mkoko na uhuru wa chuma vilifungwa ndoa. Na kama ilivyo katika ndoa nyingi, uzuri wa arusi haukuwa dalili ya wepesi wa maisha.

Chokaa na chuma havizeeki kwa namna moja. Ukuta wa matumbawe na chokaa ni kitu kinachopumua. Hunywa unyevu msimu wa masika na kuutoa msimu wa kaskazi. Huhitaji kupakwa upya, kuzibwa, kupigwa chokaa mpya mwaka baada ya mwaka, na ukipewa hayo huweza kuishi karne nyingi. Chuma ni kinyume. Kinapokaa kikavu hakidai lolote. Kikikutana na chumvi ya bahari na maji ya paa linalovuja, kutu huanza, na kutu hula nafasi kubwa kuliko chuma kilichoizaa. Pale chuma kilipozikwa ndani ya ukuta, kutu hutanuka na kuupasua ukuta kutoka ndani, taratibu, bila sauti. Na anapokuja fundi wa zama hizi akaupaka ukuta wa chokaa saruji, akidhani amemsaidia mzee kwa kumvika silaha, hukifunga kinywa chake. Unyevu ulioingia haupati pa kutokea. Hapo tena ukuta huoza ukiwa na uso mzuri.

Hii si aibu ya jumba. Hii ndiyo sharti yake, kama vile arudhi ilivyo sharti ya utenzi. Kazi iliyounganisha vitu viwili visivyozeeka pamoja ilimwachia kila mrithi wasia: msinihifadhi kwa kunitazama, nihifadhini kwa kunishika. Ajabu ya Beit el-Ajaib haikumalizika siku Barghash alipofungua milango. Ilikuwa ni ajabu ya kuendelezwa, iliyohitaji mikono ya kila kizazi, na kila kizazi kingeweza kuivunja kwa kutofanya lolote.

Kabla ya kuhukumu vizazi, linahitajika neno kuhusu matini. Baada ya mwaka 2020 sauti nyingi zilisema jumba lirudishwe kama lilivyokuwa. Mhariri yeyote wa miswada ya kale anayo haki ya kuuliza: kama lilivyokuwa lini? Jumba la mwaka 1883 halikuwa na mnara ule kifuani mwake. Mnara ulisimama peke yake mbele ya makasri, nao ulikuwa mnara wa taa. Tarehe 27 Agosti 1896, saa tatu za asubuhi, manowari za Uingereza ziliyafyatulia mizinga makasri ya Unguja kwa kuwa Khalid bin Barghash alikuwa amekalia kiti ambacho Waingereza hawakumridhia. Vita ile haikufika saa moja. Watu takriban 500 wa upande wa kasri waliuawa au kujeruhiwa. Beit el-Hukum likabomoka lisiinuke tena, Beit el-Sahel likaharibika vibaya, mnara wa taa ukapigwa ukaondolewa. Beit el-Ajaib likasimama. Katika ukarabati uliofuata, mwaka 1897, mnara mpya wa saa ulipachikwa katika uso wa jumba.

Mnara huo, basi, ambao ndio picha iliyokaa katika kila moyo, ambao watu waliulia zaidi ya kitu kingine chochote, ulikuwa ubeti ulioongezwa na mkono mwingine baada ya kushindwa. Ulikuwa kovu lililovishwa saa. Mwaka huohuo wa 1897, chini ya Sultani Hamoud bin Mohammed aliyewekwa na Waingereza, ilitolewa amri ya kuiondolea hali ya utumwa nguvu ya sheria Unguja na Pemba. Mambo hayo mawili, mnara na amri, hayakupangwa kuwa na vina, lakini yanavyo. Muda mpya ulikuwa unaanza kuhesabiwa mjini, na haukuwa ukihesabiwa na waliokuwa wakiuhesabu zamani.

Kulitaja hilo kunaleta swali ambalo maombolezo hulikwepa kwa adabu. Jumba lilijengwa kwa mali gani? Lilijengwa miaka kumi baada ya mkataba wa 1873 uliofunga soko la watumwa la Unguja, na miaka kumi na nne kabla ya amri ya 1897. Katikati ya tarehe hizo karafuu iliendelea kuchumwa, na mikono mingi iliyoichuma haikuwa huru. Hapana nguzo katika roshani zile iliyosimama nje ya hesabu hiyo. Anayelisifu jumba kwa utukufu wake bila kulitaja hili anasoma nusu ya ukurasa. Lakini vilevile anayesema kwamba, kwa ajili hiyo, jumba na lianguke, anachana ukurasa mzima, na pamoja nao ushahidi. Wako Unguja wasioona haja ya kulilia kasri la Sultani, na wanazo sababu ambazo si za kupuuzwa katika kisiwa kilichopita kilikopita. Jibu lao halipatikani katika utukufu wa Barghash. Linapatikana katika yale yaliyolitokea jumba baada yake.

Kwani jumba lilibadilika wenyewe, tena na tena, na ndipo lilipokuwa la mji kwa kweli. Tangu mwaka 1911 lilikuwa afisi za serikali ya Kiingereza. Makarani walipanda ngazi zake na mafaili kwapani, na raia aliyekuwa na shauri alijua ni mlango upi wa kubisha. Baada ya Mapinduzi ya Januari 1964 lilitumiwa kwa shughuli za chama. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 likawa Makumbusho ya Historia na Utamaduni. Mji Mkongwe ulikuwa umekwisha kuandikishwa mwaka 2000 katika orodha ya urithi wa dunia, na watoto wa skuli walianza kuletwa kwa misururu kuyaona ya kwao katika nyumba ambayo mababu zao walikuwa wakiitazama kutoka nje tu. Hilo ni geuzo kubwa kuliko la mnara. Waliokuwa wakistaajabishwa wakawa wenye kuonyesha maajabu.

Katika uwanja wa kati wa makumbusho hayo kiliwekwa mtepe, chombo cha kale cha pwani kilichojengwa upya kwa mikono ya mafundi wa zama zetu. Hapana jambo lililolieleza jumba lile vizuri kuliko chombo hicho. Mtepe hauna msumari. Mbao zake zimeshonwa kwa kamba ya nazi, na tanga lake ni jamvi. Baharini ulipinda na wimbi badala ya kushindana nalo. Lakini kamba ya nazi huoza, na mwenye mtepe alijua kuwa chombo chake lazima kishonwe upya mara kwa mara, na maji yafutwe ndani yake kila safari. Hakuna aliyeuona huo kuwa udhaifu wa mtepe. Kushona upya kulikuwa ni sehemu ya kuwa na chombo, kama vile kuimba kulivyo sehemu ya kuwa na utenzi. Ndani ya nyumba ya chuma, basi, pakawekwa mwalimu wa kamba, naye akafundisha kila siku, kwa kukaa kimya, somo ambalo nyumba ilihitaji kulisikia.

Mwaka 2012 sehemu ya roshani ya Beit el-Ajaib ilianguka. Makumbusho yakafungwa. Hapa ndipo mhakiki anapopaswa kuweka alama katika ukurasa, kwa kuwa tangu siku hiyo jumba liliingia katika hali nyingine. Lilikuwa limewahi kupigwa mizinga likiwa na watu. Lilikuwa limewahi kubadilishwa matumizi likiwa na watu. Sasa halikuwa na watu. Nyumba yenye watu huwa na anayeona tone la kwanza linapodondoka katika sakafu, akaweka ndoo, akapiga kelele. Nyumba tupu hudondokewa na tone la elfu pasipo mtu wa kusikia. Kutoka 2012 hadi 2020 ni miaka minane. Kulikuwa na ripoti, kulikuwa na maonyo ya wataalamu, kulikuwa na ahadi, na hatimaye kulikuwa na fedha za Oman na kazi ya ukarabati ikaanza. Ndipo ukuta ukaja chini juu ya wale hasa waliokuwa wamekuja kuuinua.

Wahenga wana neno ambalo kila mtu amelitaja katika jambo hili: usipoziba ufa utajenga ukuta. Methali hii imezoewa mno hata haisikiki tena. Wanaoitaja huitaja kama kemeo, na kemeo likisha kutolewa huhisi kwamba hesabu imefungwa. Isikizwe upya. Methali haisemi kwamba usipoziba ufa utalia. Inasema utajenga. Hukumu ya mzembe, katika hekima ya Kiswahili, si huzuni. Ni kazi, na kazi kubwa kuliko ile aliyoikwepa. Kwa hiyo methali hiyohiyo inayokemea ndiyo inayoamuru. Swali ni moja tu lililobaki: ukuta gani?

Ukuta unaoweza kujengwa kwa wepesi unajulikana. Ni ukuta wa zege, uliopakwa rangi nyeupe, wenye mnara unaofanana na picha ya kadi ya posta, na watalii wasioujua mwingine wataupiga picha wakaridhika. Ukuta huo utakuwa kama tafsiri iliyotafsiriwa kutoka tafsiri: maneno yote yamo, na hakuna hata moja linalotoka kinywani mwa mtu. Mfasiri mzuri anajua kuwa uaminifu kwa matini si kunakili umbo lake la nje. Ni kuuliza lilifanya kazi gani katika lugha yake, kisha kuifanya kazi hiyo tena kwa vilivyopo. Beit el-Ajaib lilifanya kazi ya kuunganisha: mkoko na chuma, uani na roshani, mji na bahari. Likijengwa upya bila chokaa, bila mafundi wanaojua kuichoma na kuilaza na kuipiga, bila vijana waliokaa chini ya mafundi hao mpaka mikono ikajua, litakuwa limejengwa bila kiungo chake. Litakuwa na chuma peke yake, na chuma peke yake hakijawahi kuwa ajabu.

Mnara nao? Wahifadhi wa majengo wana mabishano yao, na kila upande una hoja. Kwa msomaji wa mashairi jibu haliko mbali. Miswada ya tenzi zetu imetufikia ikiwa na beti zilizoongezwa, na mhariri mwaminifu hazifuti wala hajifanyi kuwa ni za mtunzi wa kwanza. Huzichapisha, akaonyesha mshono. Mnara ukirudi na urudi ukiwa na mshono wake unaoonekana: kwamba hapa 1883 hapakuwa na kitu, kwamba 1897 palipachikwa saa juu ya jeraha, kwamba 2020 palianguka. Na mahali fulani katika ukuta huo, penye kusomeka na mtoto wa skuli, paandikwe kwamba mafundi wawili walifia hapa. Si sultani, si balozi, si admirali. Mafundi. Jumba limewahi kubeba majina mengi ya wakubwa. Halijawahi kubeba jina la mtu aliyelipaka chokaa.

Haya hayaondoi heshima ya Al-Inkishafi. Utenzi ule ulizungumza na moyo wa mtunzi wake mwenyewe na kuuonya. Ulikuwa hesabu ya nafsi, na ndiyo sababu umeishi. Majumba ya Pate yalikuwa kioo, na uso uliokuwa kiooni ulikuwa wa anayesoma. Wanaoiga huzuni yake bila kuiga hesabu yake wamechukua kioo wakakigeuzia upande wa nyuma. Kama kweli tumeirithi kazi ya Sayyid Abdalla, basi mbele ya fungu la mawe pale Forodhani swali la kuuliza si wapi wamekwenda wenye nyumba. Wenye nyumba hawajakwenda popote. Wanakaa bustanini jioni, wanakula, wanawatazama watoto wakijirusha baharini kutoka ukutani, na migongo yao imeelekea jumba.

Utenzi wa Beit el-Ajaib bado haujatungwa. Ukitungwa utakuwa mgumu, kwa kuwa hautaruhusiwa kulia kabla ya kueleza. Utapaswa kujua jina la kila kitu: boriti, kidaka, nguzo ya kusubu, mfereji wa paa. Utapaswa kujua chokaa hulazwa muda gani kabla haijawa tayari kushika jiwe. Utapaswa kuyatia karafuu na manowari na mafaili ya makarani na misururu ya watoto katika bahari moja bila kumdhulumu yeyote kwa ajili ya kina. Na kituo chake hakitakuwa kwamba kila kilichojengwa hubomoka, kwani hilo hata bahari inalijua. Kituo chake kitakuwa kwamba palikuwa na ufa, na palikuwa na siku, na siku ile ilikuwa na watu.